Jinsi ya kuskani makusanyo adimu ya Ayalandi ya maktaba ya chuo kwa kushirikiana na wenzako: orodha kwanza, kamera baadaye

Mimi ni mzaliwa wa Tanga na miaka kadhaa nimekuwa mtu wa skana kwenye maktaba ya chuo kikuu huko Marekani, na watu wakisikia kwamba nilikuwa nashinda na makaratasi ya Ayalandi kuanzia asubuhi mpaka jioni huwa wananiuliza, we Ayalandi inakuhusu nini? Inanihusu sana. Kuna wenzetu kibao wanaosoma ukutubi au wameajiriwa kwenye maktaba za vyuo Ulaya na Marekani, na siku moja bosi anakuja anakwambia tuna chumba kizima cha vitabu adimu vya Ayalandi, tunataka viingie mtandaoni, tutashirikiana na chuo kingine, anza. Unaanzia wapi? Ndo maana naandika hapa, hatua kwa hatua, vile nilivyojifunza mwenyewe.

Kwanza ujue kwa nini kazi ya Ayalandi haifanyiki peke yako. Makaratasi ya nchi ile yametawanyika vibaya mno. Watawa Wafransisko wa Ayalandi walifungua chuo chao Louvain, Ubelgiji ya leo, mwaka 1607, wakakusanya huko miswada ya kwao, sehemu yake ikaja kupelekwa Rome, ikarudi Dublin 1872, na ilipofika mwaka 2000 ndo ikakabidhiwa kwa University College Dublin kwa makubaliano ya ushirikiano kati ya chuo na watawa wenyewe. Afu ikaja njaa kuu ya viazi, 1845 mpaka 1852, watu kama milioni 1 wakafa na zaidi ya milioni 1 wakahama, na waliohama na watoto wao wakajenga maisha Boston, Philadelphia, Chicago, na vitabu vikawafuata. Francis O'Neill aliyezaliwa County Cork akawa mkuu wa polisi wa Chicago, huku anakusanya muziki wa kwao usiku na mchana, mwaka 1931 maktaba yake akaipa University of Notre Dame kule Indiana. Joseph McGarrity wa County Tyrone alitajirika Philadelphia, vitabu vyake viko Villanova lakini karatasi zake nyingi ziko maktaba ya taifa Dublin. Kwa hiyo hakuna maktaba yenye Ayalandi nzima. Kila mmoja ana kipande.

Na sisi tunaguswa moja kwa moja pia, hasa ndugu zetu wa Congo. Roger Casement, aliyezaliwa karibu na Dublin 1864, ndiye konseli wa Uingereza aliyepanda mto Congo 1903 akasikiliza watu wakieleza mikono iliyokatwa na vijiji vilivyohamwa kwa ajili ya utomvu wa mpira wa Leopold, mfalme wa Ubelgiji, ripoti yake ikatoka 1904, na ilipochapishwa majina ya mashahidi na vijiji yakafichwa kwa herufi tu. Mwaka 1914 huyuhuyu Casement alifikia kwa McGarrity Philadelphia, 1916 Waingereza wakamnyonga. Karatasi zake ziko Dublin, ziko London, nyingine ziko Marekani. Sasa mtafiti wa Kinshasa anayetaka kujua shahidi fulani wa 1903 alikuwa nani atapanda ndege ngapi? Ukifika katikati ya kazi mgongo unauma na bajeti imebana, mfikirie huyo mtafiti.

Hatua ya 1: Orodha

Usiguse kamera. Najua kamera imeshanunuliwa, iko kwenye boksi, kila mtu anataka kuiona, lakini usiiguse mpaka uwe na orodha.

Nikupe sababu. Tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe ndo vimeanza Dublin, jengo la Four Courts lililipuka na kuungua, na ndani yake ofisi ya kumbukumbu za taifa, karne saba za sensa, wosia, mahakama, vitabu vya makanisa. Karatasi zilizoungua zikapeperuka juu ya mji. Miaka 100 baadaye, Juni 2022, Trinity College Dublin pamoja na ofisi za kumbukumbu za Dublin, Belfast na London na tume ya miswada ya Ayalandi wakazindua hazina ya mtandaoni inayojaribu kurudisha kilichoungua kwa kukusanya nakala zilizokuwa zimelala kwenye maktaba nyingine. Na wamewezaje kujua watafute nini? Kwa sababu mfanyakazi wa ofisi ileile, Herbert Wood, alikuwa ametayarisha orodha ya kila kilichokuwemo, ikachapishwa 1919, miaka mitatu tu kabla ya moto. Jengo liliungua orodha ikabaki, na hio orodha ndo mifupa ya mradi mzima.

Basi kaa chini na maboksi yako. Fungua lahajedwali, mstari mmoja kwa kila bahasha au kila kitabu, uandike: namba ya boksi, ni kitu gani, karatasi ngapi (hesabu kwa kidole, usikadirie), lugha gani, miaka gani, nani alikitoa au kilinunuliwa wapi, hali yake ikoje, na nani aliandika. Hapo kwenye hali kuwa mkweli. Ukiandika "nzuri" kila mahali kwa sababu umechoka, mtu wa kupiga picha atafungua kitabu kwa kukuamini na mgongo wake utapasuka mikononi mwake. Vijitabu vya siasa na karatasi za nyimbo za mtaani zilichapwa kwa karatasi ya bei ya chini kabisa, hazikutegemewa kuishi hata mwaka, ukizikunjua mkunjo unakatika, hizo ziwekee alama nyekundu ziende kwa fundi wa kuhifadhi kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua hii inakula muda kuliko zote. Mkusanyo wa maboksi 60 ulinichukua miezi minne, na mkuu wa kitengo alikuwa ananiuliza kila wiki picha ziko wapi, nikamjibu kila wiki kwamba bado nahesabu, na baadaye ilipofika kuandika bajeti hakukuwa na mtu mwingine pale mwenye namba za kweli.

Hatua ya 2: Angalia nani ameshakifanya

Ukiwa na orodha, tembeza kitu kimoja kimoja kwenye mtandao. Kuna Internet Archive na HathiTrust, maktaba kubwa za mtandaoni, maktaba ya taifa ya Ayalandi, Digital Repository of Ireland ambayo ni hifadhi ya kidijitali ya nchi ile, na kwa miswada ya Kiayalandi kuna Irish Script on Screen ya taasisi ya Dublin Institute for Advanced Studies, wale walianza mwishoni mwa miaka ya 1990 wakati watu wengi hata barua pepe hawana. Kilichokwisha kuskaniwa vizuri mahali pengine kipe alama, kishuke chini ya foleni.

Lakini hapa tahadhari, maana wengi wanakosea. Kitabu cha kawaida cha kiwanda, nakala ni nakala. Vitu adimu vya Ayalandi havikai hivo. Chukua tangazo la jamhuri la 1916, lile la waasi dhidi ya Waingereza lililosomwa Dublin siku ya Jumatatu ya Pasaka. Lilichapwa kwa siri kwenye jengo la Liberty Hall na watu watatu, herufi za kuchapia za madini ya risasi hazikutosha ikabidi wapange nusu ya juu kwanza, wachape, wazifungue, afu wapange nusu ya chini wachape kwenye karatasi zilezile, na herufi "e" zilipoisha wakachukua za aina nyingine. Kwa hiyo kila nakala iliyobaki nusu zake mbili zimekaa tofauti kidogo, na vipimo hivyo ndivyo wataalamu wanavyotumia kutenganisha ya kweli na ya kuigiza. Au karatasi za mashairi na picha za Cuala Press, kiwanda kidogo cha uchapaji cha Dublin, zilizotoka kila mwezi kuanzia Juni 1908 mpaka Mei 1915, toleo 84 jumla, nakala 300 kila toleo, na picha zimepakwa rangi kwa mkono. Kwa mkono! Nakala yako na ya chuo jirani hazifanani rangi. Ukisema "wenzetu wanayo tayari" unatupa ushahidi. Kwa vitu vya namna hii skani hata kama kipo kwingine, na kwenye maelezo andika ni nakala ya wapi.

Hatua ya 3: Chagua mshirika kwa kile ulichopungukiwa

Watu wanachagua mshirika kwa jina kubwa. Mi naona kosa. Chukua orodha yako ujiulize tunakosa nini hasa, afu nenda kwa mwenye nacho.

Wapo wenye mali lakini hawana vifaa wala mahali. Ukumbi wa Abbey Theatre wa Dublin ulifunguliwa Desemba 1904, ukaungua 1951, na bado ulikuwa na maandiko ya michezo, mabango, picha, rekodi. Mwaka 2012 wakaingia ushirikiano na chuo kikuu cha Galway, chuo kikaskani, watafiti wakapata mahali pa kusomea. Angalia lakini mpangilio wao: sehemu kubwa inasomwa ndani ya maktaba ya Galway tu, haiko wazi kwa dunia nzima, kwa sababu michezo ina wenyewe na haki zao hazijaisha. Wengine wanaona kama kazi nusu. Mi naona wamefanya sawa kabisa, kwa sababu ukisubiri haki zote ziishe ndo uskani, mkanda wa video utakuwa umeshaoza, kwa hiyo skani leo, kufungua kutakuja.

Wapo wenye ujuzi unaokosa. Kama una miswada ya ngozi ya karne ya 15 na hakuna mtu kwako anayesoma Kiayalandi cha kale, usijifanye. Nenda kwa walioizoea, kama hao wa Irish Script on Screen, ambao mtindo wao ni kwamba maktaba nyingi zinaleta miswada yao kupigwa picha na kila maktaba inabaki mwenye kitu chake na mwenye sauti juu ya matumizi ya picha.

Wapo wenye jukwaa. Queen's University Belfast walishirikiana na JSTOR, hazina ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma, kuweka majarida ya Ayalandi, yakiwemo ya karne ya 18, na faida yake ni kubwa maana wanafunzi wote wanajua JSTOR, huhitaji kumfundisha mtu njia. Hasara ni kwamba watu wengi wanaingia kwa usajili wa maktaba zao, sasa kijana wa Bukavu ambaye chuo chake hakijalipia anakwama mlangoni. Ukienda njia hii uliza mapema nini kitakuwa bure na kuanzia lini.

Na kuna ule ushirikiano wa watu watatu ambao kwangu ndo mzuri kuliko yote, Dúchas, mradi wa kuweka mtandaoni masimulizi ya wazee wa Ayalandi. Kati ya 1937 na 1939 watoto wa shule za msingi kama 5,000 za Ayalandi, watoto zaidi ya 50,000, walitumwa na walimu wakawaulize wazee nyumbani, hadithi, dawa za mitishamba, majina ya mashamba, mizimu, michezo. Jumla kurasa karibu 740,000, ziko University College Dublin. Chuo hicho kina daftari, Dublin City University kina watu wa lugha na kompyuta, wizara ya serikali ina hela. Kila mmoja alileta alichonacho. Mshirika wa kweli ni yule ambaye akitoka kazi inasimama, kama akitoka na kazi inaendelea vilevile basi huyo ni nembo tu kwenye bango.

Hatua ya 4: Mkataba, na hapa usione haya

Sisi watu wa pwani tuna haya kwenye maandishi, tunasema tumeshakubaliana, tunajuana, mambo ya karatasi ya nini. Kwenye kazi hii andikeni kila kitu. Nilishiriki mradi mmoja ambao kampuni ya nje ilichukua maboksi kwenda kuskani, mkataba ulisema tu "watatoa picha", na kweli walitoa picha, ndogo, zimebanwa, zina alama ya kampuni katikati ya ukurasa, na faili kubwa za asili wakasema ni zao, tukizitaka tununue. Vitabu vyetu, vimelala kwetu zaidi ya miaka 80. Tulirudia kazi yote upya na vile vitabu vilifunguliwa mara ya pili, na vingine havikustahimili. Sijasahau mpaka leo.

Kwa hiyo mkataba useme, kwa maneno ya wazi:

Faili za asili zote, zile TIFF kubwa, zinakabidhiwa kwa mwenye vitabu ndani ya siku kadhaa baada ya kila boksi, si mwisho wa mradi. Nani anaruhusiwa kuziweka wapi. Kama mshirika anataka kuwa peke yake kuonyesha kwa muda, miaka mingapi, na isizidi hapo. Kitu ambacho hakimiliki yake imeisha kinabaki huru, kukipiga picha kusigeuke kukimiliki upya. Maelezo ya katalogi yawe huru kwa wote kuyachukua (mkitaka kuingia Europeana, hazina ya mtandaoni ya utamaduni wa Ulaya, mtalazimika hata hivo, wao wanataka maelezo yatolewe bila masharti yoyote). Bima ya njiani, nani anabeba, kwenye gari gani, usiku yanalala wapi. Nani analipia seva mwaka wa sita wakati ufadhili wa miaka mitatu umeisha zamani. Na mshirika mmoja akijitoa au akifungwa, vitu vyake vinakwenda kwa nani.

Hilo la mwaka wa sita ndo hakuna anayetaka kulizungumza mezani. Lizungumze wewe. Kama jibu halipo, tafuta hifadhi ya taifa au ya pamoja kama Digital Repository of Ireland, iliyofunguliwa 2015 hasa kwa sababu miradi ilikuwa inakufa hela zikiisha.

Hatua ya 5: Hakimiliki na mambo ya siri

Ayalandi, Uingereza na Umoja wa Ulaya kanuni ya jumla ni maisha ya mwandishi na miaka 70 baada ya kifo, inahesabiwa mpaka mwisho wa mwaka. W. B. Yeats alifariki Januari 1939, akawa huru kuanzia 2010. James Joyce Januari 1941, akawa huru 2012. Sean O'Casey 1964, subiri 2034 iishe. Samuel Beckett 1989, mpaka mwisho wa 2059, huyo muache wajukuu zako wamshughulikie. Marekani wana hesabu yao, kwa vitabu vya zamani vilivyochapishwa ni miaka 95 tangu kuchapishwa, kwa hiyo kitabu kinaweza kuwa huru Boston na bado kimefungwa Dublin au kinyume chake, na kama mshirika wako yuko ng'ambo ya pili ya Atlantiki kubalianeni mapema mtafuata hesabu ya wapi.

Barua ni balaa lake peke yake. Karatasi ni ya maktaba lakini maneno ni ya aliyeandika, si ya aliyepokea, kwa hiyo boksi moja la barua za mtu mmoja linaweza kuwa na wenye haki 40. Na Uingereza kazi ambayo haikuwahi kuchapishwa, hata ya mtu aliyekufa karne ya 19, inaweza kuwa imefungwa mpaka mwisho wa 2039. Nilichokuwa nafanya ni kuongeza safu tatu kwenye orodha ileile ya hatua ya 1: jina la aliyeandika, mwaka wa kifo, rangi. Kijani weka, njano uliza, nyekundu skani lakini usifungue.

Halafu kuna yale ambayo sheria inaruhusu lakini utu unakwambia ngoja. Barua za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1922 na 1923 zina majina ya waliochongea majirani, na vijiji vile ni vidogo, familia zipo palepale mpaka leo. Kabla ya kufungua boksi la namna hiyo ongeeni na familia iliyotoa. Mara nyingi wanakubali, wanachotaka ni kuambiwa kwanza.

Hatua ya 6: Kupiga picha

Sasa toa kamera.

Mikono mikavu, imeoshwa kwa sabuni, bila losheni. Zile glavu nyeupe za kwenye filamu achana nazo kwa karatasi, zinapunguza hisia kwenye vidole unachana kona bila kujua. Glavu vaa kwenye picha za zamani tu. Kitabu kilale kwenye kitanda cha umbo la V, nyuzi 100 mpaka 120 zinatosha, kisilazwe flati hata mara moja. Kama kurasa hazijakatwa, maana vitabu vingi vya zamani vilitoka kiwandani kurasa bado zimeungana pembeni, usikate mwenyewe, muulize mkutubi wa vitabu adimu.

Rangi kamili hata kwa kitu kinachoonekana cheusi na cheupe, pikseli 400 kwa inchi, vitu vidogo na vile vya kupimwa kama lile tangazo nenda 600. Kadi ya rangi na rula iwepo mwanzoni mwa kila kitabu na kila mara taa zikiguswa. Piga kila kitu, jalada, kurasa tupu, mgongo, bahasha, na nyuma ya barua hata kama hamna maandishi, kwa sababu stempu ya posta ndo wakati mwingine tarehe pekee uliyonayo.

Fanya hesabu ya hifadhi kabla ya kuanza. Ukurasa wa A4 kwa 400, rangi, TIFF bila kubana, ni kama megabaiti 46. Kurasa 10,000 ni kama gigabaiti 460. Kwa 600 ukurasa huohuo unaruka mpaka 104. Zidisha kwa nakala tatu maana lazima ziwe tatu, mbili kwenye vifaa tofauti hapo chuoni na moja mji mwingine kabisa, na hapa mshirika wako anafaa sana, wewe unamtunzia zake yeye anakutunzia zako. Kasi yangu mimi siku nzuri ya kitabu kilichotulia ilikuwa kurasa 600, siku ya barua zilizokunjwa mara nne 150 nikijitahidi. Panga ratiba kwa siku mbaya.

Jina la faili liwe kifupi cha maktaba, namba ya boksi, namba ya kitu, namba ya picha, basi. Usitumie nafasi, wala herufi zenye mikwaju kama ó na á, kompyuta nyingine zinazivuruga. Kila faili ipate chekisamu siku ileile iliyozaliwa, ile namba ndefu inayokwambia kama hata herufi moja ya faili imebadilika, na mkikabidhiana na mshirika mlinganishe hizo namba kabla ya kufuta chochote kwenye kamera.

Hatua ya 7: Kuyafanya maandishi yasomeke na kompyuta

Hapa kazi ya Ayalandi inaachana na kazi nyingine zote. Mpaka katikati ya karne ya 20 vitabu vingi vya Kiayalandi vilichapwa kwa herufi zao wenyewe, cló Gaelach, ambapo "r" na "s" zinafanana kama mapacha na "g" na "t" zina sura ya peke yake. Juu ya konsonanti wanaweka nukta kuonyesha sauti imelainika, leo nukta hio inaandikwa "h". Mwanamke ni bean, ukisema "yule mwanamke" inakuwa an ḃean kwa maandishi ya zamani na an bhean kwa ya sasa. Neno agus, yaani "na", mara nyingi ni alama tu inayofanana na 7. Sasa programu ya kusoma maandishi iliyozoea Kiingereza ikiona hayo inakutapikia namba 7 kila mstari na nukta zote inazichukulia kuwa uchafu wa karatasi. Na juu ya hapo tahajia ilibadilishwa, kanuni rasmi ikatoka 1958, kwa hiyo neno lilelile lina sura mbili tatu.

Fanya hivi. Tumia programu inayofundishika, kama Transkribus, uandike mwenyewe au na mwenzako kurasa kadhaa kwa usahihi kabisa kama mfano, uifundishe, uikague, uifundishe tena. Hifadhi maandishi kama yalivyo na nukta zake, halafu pembeni tengeneza toleo la pili la tahajia ya sasa kwa ajili ya utafutaji tu, mtu akiandika bhean apate ḃean. Majina ya mahali yaunganishe na Logainm, kanzidata ya majina ya mahali ya Ayalandi, maana kila kijiji kina jina la Kiayalandi na la Kiingereza. Majina ya watu hivyohivyo, mwanamume anaitwa Ó fulani, binti yake Ní fulani, na kwenye karatasi ya serikali wote wameandikwa kwa Kiingereza, usiwafanye koo tofauti kumbe ni familia moja.

Na omba watu wasaidie. Dúchas walifungua daftari zao kwa umma wazinakili, wakaiita meitheal, neno la kule vijijini la majirani wanaovuna shamba la huyu leo kesho la yule. Mpare akisikia hivo anajua, huo ni msaragambo. Watu wameandika kurasa kwa malaki, wengine wanaandika maneno ya bibi zao waliyoyaandika darasani mwaka 1938. Ukifanya yako, weka mtu wa kujibu maswali ya wanaojitolea kila siku, sio kila mwezi, maana mtu akiuliza akakaa wiki mbili bila jibu harudi tena.

Hatua ya 8: Kufungua, na kurudisha

Tumieni mfumo wa IIIF kuonyesha picha, ndo unaoruhusu mtu kuweka ukurasa wa Dublin na ukurasa wa Philadelphia kwenye kioo kimoja kubembea kati yao, hio ndo ndoto yote. Kila kitu kipate anwani ya kudumu isiyobadilika hata tovuti ikibadilishwa sura. Jaribuni kwenye simu ya kawaida yenye intaneti ya bando, na kama ukurasa hauji ndani ya sekunde chache punguzeni uzito wa picha ya kwanza, ile kubwa ije mtu akiitaka.

Mwisho, siku maboksi yanarudi kutoka kwa mshirika, usisaini kwanza. Toa orodha ile ya hatua ya 1, keti na aliyeleta, mfungue boksi moja moja, mhesabu karatasi moja moja kwa kidole kama mlivyohesabu mwanzo, namba zikilingana ndo usaini, zisipolingana gari lisiondoke.